Aliamshwa na kimya?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni neno gani fupi la Kiingereza limetusumbua kuliko mengine, na tulijinasuaje. Langu ni "off". Lina herufi tatu tu, tena moja imejirudia.

Kazi yangu ni kutafsiri hadithi. Usiku mmoja, miaka kadhaa nyuma, nilikuwa namalizia hadithi iliyotakiwa asubuhi yake, macho yameshakuwa mazito, nikafika kwenye sentensi hii: "The alarm went off and he jumped out of bed." Nikaandika bila kusita: "Kengele ya saa ilizimika, naye akaruka kutoka kitandani." Kwani "off" si kuzima? Ndivyo swichi zinavyosema. Mswada ulirudi ukiwa na maneno matatu pembeni, kwa wino mwekundu: "Aliamshwa na kimya?"

Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikaanza kuliwinda hilo neno. Lo! Taa iki-"go off" inazimika, kengele inalia, bomu linalipuka, maziwa yanachacha. Mechi ikiwa "off" haichezwi tena, ila wakimbiaji wakiwa "off" ndiyo kwanza wamechomoka mstarini. Mpango uki-"come off" umefaulu. Kifungo cha shati kikifanya hivyohivyo kimekatika. Na kwenye mikahawa ya Uingereza mhudumu akikwambia samaki "is off", huenda ana maana kwamba leo wamekwisha, au kwamba wamevunda. Kwa mwenye njaa majibu hayo mawili hayafanani hata kidogo, hasa kama mwenzako wa meza ya pili anaendelea kumla.

Kilichonifumbua macho ni historia yake. "Off" na "of" zamani zilikuwa neno moja, likiandikwa "of", na maana yake kubwa ilikuwa kutoka mahali, kuachana na kitu. Lilipotamkwa kwa mkazo likaishia kuwa "off". Lilipopitishwa harakaharaka likabaki "of", hilo tunalolitafsiri kila siku kwa wa, ya, cha na wenzake. Tahajia zao zilitengana moja kwa moja katika karne ya 17. Kwa hiyo meza iliyotengenezwa "of wood" kwa asili yake ni meza iliyotoka kwenye mti.

Tangu hapo nikikutana nalo hujiuliza kwanza: nini kimeachana na nini? Kwenye punguzo, kiasi kimetoka kwenye bei. Kwenye siku ya "off" mtu ameachana na kazi, na hiyo tumeichukua nzimanzima, "leo niko ofu". Kwenye nguo, vazi limeachana na mwili. Ila hapo Kiswahili hakina haja ya kaneno ka pembeni, kwa sababu mtengano wenyewe tunautia ndani ya kitenzi: unavaa, unavua, unabandika, unabandua, unaanika, unaanua, unachomeka, unachomoa. Ndiyo maana ukitafuta tafsiri moja ya "off" utazeeka. "Take off" ya viatu ni kuvua, ya ndege ni kupaa, ya mwizi aliyeona polisi ni kutimka.

Na kengele je? Hiyo ilinichukua muda, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu siku zote. Sisi husemaje tunapotaka saa ituamshe? Tunaitega. "Nimetega saa ya kuniamsha," kama mtu anayetega mtego wa panya. Sasa mtego ukiguswa unafanya nini? Unafyatuka. Kilichokuwa kimebanwa kinaachiwa, kinatoka kwa nguvu. Bunduki nayo hufyatuka, na Kiingereza husema "went off" kwa bunduki vilevile. Kumbe kengele ile haikuzima wala haikuwaka, ilifyatuka. Kuzima kwa taa ni kuachana na moto wake, kulia kwa kengele ni kuachana na kilichoizuia. Mtengano ni mmoja, kinachotofautiana ni kilichoachwa.

Nisijisifu sana, maana ipo iliyonishinda. Watu wawili wakikutana mara ya kwanza wakaivana papo hapo, Waingereza husema "they hit it off". Nimegeuza, nimepindua. Nani kaachana na nani hapo, na wao ndiyo kwanza wameshikana?

Nilimpelekea mhariri wangu sentensi mpya kwa mbwembwe: "Saa aliyoitega ikafyatuka." Akaisoma, akasema nzuri, akaifuta. Kitabuni imechapwa "Kengele ikalia, akaruka kitandani."