Majibu ya sodiamu ya mzee yametoka 127: usimwekee chumvi kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu baba yako hapo Nachingwea, pole sana. Umesema karatasi ya maabara imeandika Na 127 (hiyo Na ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi) na pembeni kuna herufi L, yani iko chini, na mjomba anasisitiza azidishiwe chumvi kwenye uji. Naomba msifanye hivyo kwanza, nikueleze yaliyotukuta na mama yangu, sisi tuko Mtwara, mama anakaa Mikindani.

Mama ana miaka 67 na presha ya muda mrefu. Mwaka jana akabadilishiwa vidonge, akapewa vile vya kukojosha, na hapohapo jirani akamwambia anywe maji mengi sana asafishe figo, basi akawa anamaliza kidumu cha lita tano karibu chote kwa siku. Wiki ya tatu akaanza kichefuchefu na kichwa, tukasema malaria, kapimwa hana. Siku moja nimekaa naye uani anabangua korosho, namwona anaweka maganda kwenye bakuli, korosho zenyewe anazitupa chini. Nikamwita, akaniitikia kwa jina la dada yake aliyefariki. Nilitetemeka.

Tukamkimbiza zahanati ya karibu, wakasema kaishiwa nguvu, wakamtundikia dripu ya sukari. Jioni akawa hajui hata yuko wapi. Baadaye ndo nikaja kuelewa, ile sukari mwili unaitumia, yanabaki maji matupu, yani tulikuwa tunaongeza maji kwa mtu ambaye tayari maji yamemzidi. Hospitali kubwa walipopima, sodiamu 117. Kawaida ni 135 mpaka 145.

Kitu ambacho daktari alinieleza na mimi nataka ukishike ni hiki: ile namba inapima chumvi ikilinganishwa na maji yaliyomo kwenye damu. Chukua sufuria ya mchuzi ulioiva vizuri umwagie jagi la maji, chumvi ni ileile ila mchuzi umepoa ladha. Ndo maana wagonjwa wengi wa sodiamu ya chini wamejaa maji, wengine moyo au ini au figo ndo inasumbua, na huyo ukimpa chumvi unamvimbisha miguu na presha inapanda. Wengine kweli wamepoteza chumvi kwa kuharisha na kutapika. Namba peke yake haikwambii yupi ni yupi, daktari lazima amwangalie mtu, aulize dawa, wakati mwingine apime na mkojo.

Mama walisimamisha vile vidonge, wakampimia maji ya kunywa, wakawa wanampandisha polepole, siku ya pili 123, ya tatu 128, alivyotoka 134. Mimi nilikuwa nakasirika mbona wanachelewa, nikaambiwa ikipanda haraka ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja, kwahiyo hawataki ipande zaidi ya namba 8 mpaka 10 ndani ya masaa 24. Sasa fikiria mtu anayelishwa vijiko vya chumvi nyumbani, nani anapima?

Umesema baba ana sukari pia. Uliza siku ile alitolewa damu sukari ilikuwa ngapi, maana sukari ikiwa juu sana inavuta maji kuyaingiza kwenye damu na sodiamu inasomeka chini, kila sukari ikizidi kwa 5.5 hivi sodiamu inashuka kama 2. Pia kama damu ilitolewa mkono uliokuwa na dripu majibu yanaweza kudanganya, warudie. Na madafu msiyategemee, yana potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo.

127 kwa mzee anayeongea vizuri na kula sio sawa na hali ya mama yangu, lakini mpelekeeni daktari hiyo karatasi leo, msingoje wiki iishe. Akianza kuchanganya maneno, kutapika, kuyumba akitembea, kulala usingizi asioamka au degedege, hata kama ni usiku wa manane tafuteni usafiri mwende.

Vidonge vya presha usimkatishe mwenyewe, ila umeandika tu "dawa moja nyeupe". Chukua pakiti zake zote, hata za duka la dawa, zitie kwenye mfuko mwende nazo, na umwambie daktari ameanza lini kila moja.