Wasomaji Wanauliza: Lupu Zinazopishana Jukwaani

SWALI: Napiga gitaa na kuimba peke yangu hotelini. Nina pedali mbili za lupu, vile vifaa vya kukanyaga vinavyorekodi kipande cha muziki na kukirudiarudia: moja naiwekea besi, nyingine ridhimu. Zinaanza pamoja vizuri, lakini dakika moja baadaye zinapishana. Tatizo ni mguu wangu? — Msomaji, Arusha

JIBU: Mguu umo, ila kubwa zaidi ni kwamba pedali zako hazijuani, kila moja inahesabu kivyake. Tuseme mwendo ni mapigo 100 kwa dakika: lupu ya mapigo 16 huchukua sekunde 9.6. Ukichelewa kufunga ya pili (kukanyaga ili rekodi ikome) kwa milisekunde 20 tu, mzunguko wa kwanza hakuna atakayeshtuka. Lakini pengo huongezeka kila mzunguko: kufikia mwisho wa ule wa nane ni milisekunde 160, zaidi ya robo ya pigo, na hapo hata mhudumu anageuka.

Kama zote zina tundu za MIDI (njia ya vifaa vya muziki kupashana mwendo), unganisha la kutolea la pedali ya besi na la kupokelea la ile nyingine, kisha uiweke hiyo ya pili ifuate saa ya nje, yaani mwendo wa ile ya besi. Kama hazina, tafuta mashine moja yenye traki kadhaa, yaani sehemu za kurekodia lupu tofauti. Boss RC-505 ina tano, lakini hubonyezwa kwa vidole, na vyako viko kwenye nyuzi. RC-600 ina sita na hukanyagwa.

Anza na besi, maana lupu ya kwanza ndiyo inayopanga urefu. Funga kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Wengi hukanyaga noti ya mwisho inapolia, lupu ikatoka fupi.

Mashine ikishika saa moja, kupishana kwa makusudi ni kutamu: lupu ya mapigo 12 juu ya ile ya 16 hukutana kila baada ya mapigo 48.

SWALI: Nikifika lupu ya nne, sauti inakuwa uji. Kwa nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Lupu nne tofauti zenye ukubwa sawa huongeza takriban desibeli 6 juu ya moja, kwa hiyo shusha traki kabla ya kuongeza nyingine. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 100, yale mazito kabisa, kwenye sauti ya kuimba na gitaa, huko chini ibaki besi. Usirundike vyote kwenye traki moja: pedali nyingi hufuta tabaka la mwisho tu, la katikati halitoki. Tena rekodi sauti ya kuimba mapema, spika zikiwa bado hazijajaa lupu, la sivyo maikrofoni itameza na lupu zilizotangulia.