Turubai la boti halitaki paa la tembe

Ukinunua boti yako ya kwanza ya kuvulia Bwawa la Mtera, wenzako watakueleza habari za mashine, makasia na nyavu. Kuhusu turubai utaambiwa neno moja tu: funika. Nami nilifunika. Nilitandaza turubai juu ya boti ya futi 14 iliyopandishwa nchi kavu, nikalikaza kwa kamba pande zote, nikapanda basi kurudi Dodoma mjini. Desemba ile mvua ya kwanza ilipiga usiku mmoja tu. Niliporudi nilikuta dimbwi katikati, turubai limelalia benchi, na benchi limepasuka kwenye misumari.

Piga hesabu. Dimbwi la mita moja kwa mita moja, kina sentimita 10, ni lita 100. Hizo ni kilo 100, gunia la mahindi lililojaa. Tena maji yakishapata kibonde huvuta mengine, kibonde kinazidi kuzama. Huku kwetu mvua ni chache, ndiyo maana tunaidharau, lakini ikija hushuka kwa kishindo.

Tembe la Kigogo linaweza kuwa na paa bapa kwa sababu chini yake kuna nguzo na miti iliyopangwa kwa kubanana. Turubai halina kitu chini. Lipe mgongo wa tembo.

Anza na mwamba: mti mmoja mnyoofu, au mbao ya mbili kwa tatu, utoke mbele hadi nyuma ya boti. Usimamishe juu ya nguzo tatu. Nguzo isikanyage sakafu moja kwa moja. Weka kipande cha ubao chini yake, kikalie mataruma mawili (miti ya kukingama ndani ya boti), uzito usambae. Kwa boti ya upana wa futi 5, mimi huupandisha mwamba futi 2 juu ya ukingo. Chini ya hapo maji hutambaa badala ya kukimbia.

Kisha mbavu, kutoka mwamba hadi ukingo, kila baada ya futi 2. Bomba za plastiki ni rahisi kupinda, ila kwa jua letu hulegea. Napendelea fito zilizokauka. Kila ncha, kila kichwa cha msumari, vizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli. Turubai huchanika zaidi pale linaposuguliwa na upepo, siku baada ya siku, kuliko pale linapovutwa.

Kamba zipite chini ya tumbo la boti, toka upande huu hadi ule. Ukifunga kwenye vigingi, upepo wa kiangazi utaving'oa. Mbele na nyuma acha uwazi wa kupitisha hewa, hasa kama boti ni ya mbao, maana unyevu uliofungiwa huozesha. Inua omo, yaani mbele ya boti, kidogo, na kizibo cha tundu la kutolea maji nyuma kiache wazi.

Kabla hujaondoka, bonyeza turubai kwa kiganja kati ya kila mbavu mbili. Likibaki na kibakuli, hapo panahitaji ufito mwingine. Mvua ya kwanza ikikatika, rudi ukakague. Ukikuta maji yamesimama mahali, usiyamwage kwanza. Weka alama ya chaki pembeni yake, halafu ndipo umwage, uingie chini na kuongeza ubavu pale pale.