Ada yetu ndiyo inayolipa nauli

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kikundi cha kusaidia wasiojiweza huko kwenu kinapata wapi fedha, na nani anaamua ziende wapi?" Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo huku Machame, wilayani Hai, kwa hiyo siwezi kunyamaza.

Tunatembelea wagonjwa waliolala kitandani na watoto wanaolelewa na bibi zao. Kazi hii hatukuianzisha sisi. Mkoa wetu ulifundishwa mengi na KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake kilichoanza Moshi mwaka 1990 kupambana na Ukimwi, enzi ambazo mgonjwa aliweza kufungiwa chumba cha uani na sahani yake ikatengwa.

Ada yetu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye migomba analipa akitoka sokoni, mwenye kahawa anasubiri msimu, nasi tunamsubiri. Desemba, ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapopanda kula Krismasi nyumbani, tunapita kila ukoo. Halafu kuna mnada. Usharika hutupa Jumapili moja kwa mwaka, na baada ya ibada mzee wa kanisa hunyanyua mkungu wa ndizi: elfu tano, elfu saba, elfu kumi! Aliyeshinda analipa, kisha anaurudisha mezani: "Unadiwe tena." Mwaka jana mkungu mmoja uliuzwa mara nne, na wa mwisho kuununua akaubeba mwenyewe hadi kwa mjane mmoja jirani na kanisa. Mimi nilikuwa naandika risiti huku machozi yakinilengalenga.

Fedha za wafadhili nazo zimewahi kuja, na tunazishukuru. Ila huja na jina lake: hizi za sare, hizi za semina, hizi za blanketi. Huwezi kuzitoa kwenye blanketi ukazipeleka kwenye nauli. Kuna bibi mmoja kitongoji cha juu, nilimkuta na blanketi tatu mpya, mbili bado zimo ndani ya nailoni. Mashirika mawili na kundi moja la vijana walimfikia mwezi huohuo, kwa sababu nyumba yake iko barabarani. Ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika ishirini, kijana wa miaka kumi na minne alikuwa amekosa kliniki ya KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, mara mbili kwa kukosa nauli. Hakuna aliyekosa huruma pale. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wale watatu nani kaenda wapi.

Ndipo tukanunua daftari la kaunta. Kila kaya ina ukurasa wake: nani anaumwa, nani ameleta nini, tarehe gani, nini kimebaki. Linakaa ofisi ya kata kwa afisa maendeleo ya jamii, na atakayetaka kusaidia analisoma kwanza. Kwa daftari hilo tuligundua kwamba tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 mzigo wa karo umepungua, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula shuleni bado vinamrudisha mtoto nyumbani. Tuligundua pia kwamba kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, iliokoa familia kuliko mfuko wa mchele tuliokuwa tukiubeba kila sikukuu. Mchele unaisha kwa wiki.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mradi uliokuwa ukiwalipa posho wahudumu wa majumbani wa kwetu ulifungwa bila hata kikao cha kuagana. Wahudumu wawili waliacha, na siwalaumu, wana watoto. Waliobaki tunawalipia vocha na nauli kwa ada. Ni fedha kidogo, lakini haina jina la mtu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha ya kwanza ambayo kikundi chochote kinapaswa kuitafuta. Mfadhili hapendi kulipia simu, wino na miguu ya anayezunguka vitongojini. Basi wanachama walipie hayo, na mfadhili alete blanketi zake akielekezwa pa kuzipeleka.

Kuhusu nani anaamua: ni kikao cha Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mhudumu wa kila kitongoji anasoma kurasa zake, nami nasema sandukuni mna kiasi gani. Mgonjwa hatajwi ugonjwa wake, inatajwa haja yake tu. Mwezi uliopita haja zilikuwa kumi na moja na fedha ilitosha sita. Tulibishana hadi giza likaingia, na yule kijana wa ng'ambo ya mto alikuwa wa kwanza kupitishwa.

Mweka hazina, Machame