Jibu: Kumfungia ndani mdogo wangu ili aache unga

Dada, pole sana. Umeuliza kama mkimfungia mdogo wako chumbani wiki nzima ataacha unga, yaani heroini. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, inaweza kupungua kweli: miayo, kamasi, mifupa kuuma, kuhara, usiku hakuna usingizi, na siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Ila hamu inabaki palepale. Na mwili unakuwa umeshapoteza ule uzoefu wa kuhimili unga, kwa hiyo siku akitoroka akajidunga kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata. Wengi huondoka namna hiyo, halafu mtaani tunasema karogwa.

Mko Mwanjelwa, hapo Mbeya mjini, si mbali. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kuna kliniki ya methadoni. Ni dawa ya maji inayoshika nafasi ya unga na kutuliza arosto, anainywa kila siku mbele ya mhudumu, bure. Hiyo "kila siku" ndiyo mtihani wenyewe. Nauli ya daladala ashike anayemsindikiza, yeye msimpe mkononi.

Umegusia pia kwamba anakunywa gongo. Mwambieni daktari mapema. Mnywaji wa muda mrefu akikatishwa ghafla nyumbani anaweza kupata degedege.