Soksi za kubana: nichunguze nini kabla ya kuweka mtaji?

SWALI: Nimealikwa kununua hisa katika kampuni changa inayouza soksi za kubana miguu. Waanzilishi wanasema zao ni laini, hazisumbui hata ukishinda nazo kutwa. Niangalie nini?

JIBU: Anza na huo ulaini. Njia nyepesi ya kufanya soksi isisumbue ni kuipunguzia kubana, ambako ndiko kunakosaidia damu ya miguuni kupanda, na hapo utakuwa umenunua hisa za soksi ndefu tu. Omba ripoti ya maabara yenye vipimo vya nguvu ya kubana, kwa milimita za zebaki (kizio cha mgandamizo): kifundoni, kwenye kigimbi na chini ya goti. Zile nyepesi za dukani huandikwa 15–20, na kipimo kiwe kikubwa kifundoni, kisha kipungue kuelekea juu. Taka pia vipimo vya soksi hizohizo zikishafuliwa, tuseme mara 30, maana spandeksi, uzi wa kuvutika unaoifanya soksi ibane, huchoshwa na joto.

Halafu vaa jozi moja siku nzima. Ukingo wa juu ukijikunja, hubana sehemu moja kama kamba; mara nyingi saizi ndiyo yenye kosa. Kama wanauza kwa namba ya kiatu, shtuka: namba hiyo haisemi lolote kuhusu unene wa kigimbi.

Saizi ndizo pia zinazomeza mtaji. Saizi 5, urefu wa aina 2, rangi 4: hizo ni aina 40. Kiwanda kikidai jozi 300 kwa kila aina, jozi 12,000 zinalala ghalani kabla hujauza hata moja. Mimi ningeanza na rangi mbili.

Piga hesabu ya jozi moja. Bei ikiwa 100, utengenezaji 25, usafirishaji na vifungashio 15, matangazo 40, zinabaki 20. Mteja mmoja kati ya kumi akirudisha na kulipwa pesa yake, na soksi iliyovaliwa haiuziki tena, zinabaki 10, na mishahara bado. Kwa hiyo dai takwimu za marejesho kwa kila saizi, wasikupe wastani.

Soma na maandishi ya pakiti. Wakidai inatibu mishipa iliyovimba, nchi nyingi huihesabu kuwa kifaa cha tiba, chenye masharti yake. Na mwenye ateri za miguu (mishipa inayopeleka damu miguuni) zilizoziba anaweza kudhurika; onyo hilo lisipokuwepo, kesi itaikuta kampuni yenu.

Mkataba ukiwa wa mkopo unaogeuka hisa, usisaini bila kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kukokotoa hisa zako. Ukiweka 10,000 kwa kikomo cha 500,000, unapata karibu 2%. Bila kikomo, kampuni ikithaminiwa 2,000,000 baadaye, unaambulia karibu 0.5%.