Bati halivuji lakini maranda yamelowa

Dada wa Mikindani uliyeuliza kuhusu banda lako la kuku, kama bati halivuji na bado maranda uliyotandika chini yanalowa, anza na chombo cha maji. Mara nyingi maji yanatoka humo, siyo mbinguni. Kiinue juu ya matofali mpaka ukingo ulingane na mgongo wa kuku, wasikichakure wala kumwaga.

Halafu chota maranda chini ya chombo hicho, ukamate kwa nguvu, ufungue kiganja. Yakibaki donge, yameloa mno: yaondoe hapo hapo na uweke makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Yakishikana kidogo kisha yakamomonyoka, yako sawa. Ile harufu uliyoisema, inayochoma macho, ni gesi ya amonia, na unyevu wa namna hiyo ndio unaoleta kuhara damu kwa vifaranga.

Usizibe banda lote kwa turubai! Naona wengi huku kwetu wanafanya hivyo mvua za Desemba zikianza, na kwa joto letu la pwani ndani panakuwa jasho tupu. Shusha turubai upande mvua inakopiga tu, tena acha nafasi juu hewa ipite. Bati lako likiwa fupi, ongezea upenu wa makuti.

Nje chimba mtaro, uelekeze maji mbali na msingi.

Maganda ya korosho usitandike hata ukipewa bure, mafuta yake yanaunguza ngozi. Pumba za mpunga sawa, zikiwa kavu na hazina ukungu.